Nguvu Haibaki Kwenye Maji ya Supu: Historia ya Chakula cha Mzee Mgonjwa

Niliahidi kwamba safari hii tungeendelea na habari ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe. Nitairudia, lakini leo tuyafuate maharage hayo mpaka kwenye bakuli la mgonjwa, kwa sababu ya swali nililoulizwa sokoni.

Mama mmoja mwenye genge aliniita. "Shikamoo bwana shamba." Nikaitikia na kumuuliza habari za biashara. "Biashara nzuri, shida iko nyumbani. Baba alilazwa kwa homa ya mapafu, siku tisa yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Tunamshukuru Mungu ametoka. Lakini mapaja yamekwisha, hata chooni tunambeba. Kila siku nachemsha supu ya mifupa, namnywesha pamoja na uji. Mbona nguvu hazirudi?"

Nikamuuliza nyama ya ile supu anakula nani. "Watoto," akasema. "Mzee hana meno, nampa maji yake. Si ndiko nguvu iliko?"

Sikumcheka, kwa sababu hata sisi tulifanya hivyo hivyo. Babu yangu mzaa mama alianguka akivunjika nyonga wakati wa masika. Alilala wodini wiki nyingi. Kila asubuhi tulimpelekea chupa ya chai iliyojaa maji ya supu, tena tuliyachuja yawe meupe. Nyama tulikula sisi tuliokesha naye, tukijiambia kwamba anayeuguza anahitaji nguvu. Mfupa ulikuwa unaunga, ila mwenye mfupa alikuwa anaisha. Alipata vidonda mgongoni, halafu kifua, akafariki. Sisemi supu ndiyo iliyomuua. Nasema tulimpa maji tukidhani tunampa chakula, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua tofauti.

Baadaye nikiwa chuo cha kilimo nilisoma lishe ya mifugo, na huko ndiko nilikokutana na historia ya chakula cha binadamu. Nikagundua kwamba kosa letu lilikwisha kufanywa na watu wenye vyeo na maabara zao, na liligharimu wagonjwa wengi. Historia hiyo ndiyo nataka tuipitie leo.

Supu ya mifupa ya Paris

Turudi nyuma miaka 200 hivi, katika mji wa Paris, Ufaransa. Mtaalamu mmoja wa kemia aitwaye Darcet alikuwa na njia ya kutoa gelatini kwenye mifupa, yaani kile kinachoifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Mifupa ilikuwa rahisi, na maskini walikuwa wengi. Supu ya gelatini ikaanza kupikwa kwa wingi na kugawiwa katika hospitali na kwa watu wasio na uwezo. Wakubwa walifurahi, kwani chakula cha wagonjwa kilikuwa kimepatikana kwenye taka za bucha.

Lakini malalamiko yalizidi, na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikaunda tume chini ya daktari François Magendie. Tume ililisha mbwa gelatini. Taarifa yake ya mwaka 1841 ilieleza kwamba mbwa waliopewa gelatini peke yake hawakuweza kuishi nayo. Walikonda na kufa, ingawa chakula kilikuwepo mbele yao.

Wakati huo huo neno jipya lilikuwa limezaliwa. Mwaka 1838 Mholanzi Gerrit Mulder alikuwa akichunguza kile kitu kinachopatikana kwenye yai, maziwa, nyama na nafaka. Msweden Jöns Jacob Berzelius akampendekezea jina "protini", kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha daraja la kwanza. Sisi shuleni tulifundishwa kwa jina la vyakula vya kujenga mwili.

Kwa nini basi gelatini, ambayo nayo ni protini, iliwashinda mbwa? Jibu lilikuja polepole. Protini ni kama ukuta wa matofali. Matofali hayo huitwa amino asidi. Yako ya aina 20, na kwa mtu mzima aina 9 mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Gelatini inakosa kabisa mojawapo, iitwayo triptofani. Hata ukila ndoo nzima, ukuta hausimami.

Hapa mkulima wa mahindi afungue masikio. Mwaka 1906 huko Uingereza, Edith Willcock na Frederick Gowland Hopkins walilisha panya protini ya mahindi iitwayo zeini, ambayo nayo haina triptofani. Panya walikufa mapema. Walipoongezewa triptofani waliishi muda mrefu zaidi, ingawa bado hawakukua. Mahindi yana upungufu mwingine pia, wa laisini, ambayo maharage wanayo kwa wingi. Kwa hiyo bibi zetu waliochanganya mahindi na maharage wakapika makande walikuwa sahihi. Mgonjwa wa uji mweupe peke yake ndiye anayepunjwa.

Biashara iliyouza harufu ya nyama

Sasa nyinyi wafanyabiashara, hii ni yenu. Mwaka 1847 Mjerumani Justus von Liebig, mkemia mwenye jina kubwa kuliko wote wa zama zake, alieleza namna ya kukamua nyama na kuchemsha maji yake mpaka yabaki rojo zito jeusi. Tatizo lilikuwa gharama, kwani rojo la kilo 1 lilihitaji nyama kilo 30 hivi. Ulaya nyama ilikuwa ghali mno kwa kazi hiyo.

Lakini huko Uruguay, Amerika Kusini, ng'ombe walichinjwa kwa ajili ya ngozi, na nyama nyingi ilitupwa kwa kukosa soko. Mhandisi aitwaye Georg Giebert akaona fursa, na mwaka 1865 kampuni ya dondoo ya nyama ya Liebig ikaundwa London, kiwanda kikiwa Fray Bentos. Kwa upande wa kuongeza thamani ya mazao, hilo ni somo zuri sana. Mabaki ya kiwanda hicho leo yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa upande wa mgonjwa mambo yalikuwa mengine. Dondoo liliuzwa kama dawa ya waliodhoofika. Wauguzi na akina mama wa Ulaya walilikoroga kwenye maji ya moto na kuwanywesha wazee. Baadaye wapimaji wengine walipolichunguza waliona kwamba lina chumvichumvi, ladha na harufu nzuri, lakini ile protini yenyewe karibu yote ilikuwa imebaki kwenye makapi ya nyama. Fikiria yai linavyoganda ukilichemsha. Protini nyingi ya nyama hufanya vivyo hivyo: huganda ndani ya nyama, haihamii majini.

Muuguzi maarufu Florence Nightingale alikuwa ameshaligusa jambo hili. Aliwahudumia askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, 1854 hadi 1856, na mwaka 1859 akatoa kitabu chake cha uuguzi. Hakuidharau supu ya nyama, aliona inamchangamsha mgonjwa. Lakini alimwambia msomaji aichemshe mpaka maji yaishe, aone kilichobaki chini: kijiko kidogo tu. Alionya pia kwamba wagonjwa wengi hufa njaa chakula kikiwa pembeni ya kitanda, kwa sababu hakuna anayeangalia wamekula nini hasa.

Jaribio hilo unaweza kulifanya leo jioni kwenye sufuria yako.

Mguu uliovunjika Glasgow

Mpaka hapo watu walijua protini ni muhimu kwa mwenye afya. Kilichokuwa hakijulikani ni ugonjwa unaifanyia nini.

Miaka ya mwisho ya 1920 daktari kijana David Cuthbertson alikuwa akifanya kazi hospitalini Glasgow, Uskoti. Aliwapima wagonjwa waliovunjika miguu kwa kuchunguza chakula walichokula na mkojo waliotoa. Protini ina naitrojeni, ile ile ya mbolea yako ya urea, kwa hiyo ukiipima kwenye mkojo unajua mwili umebomoa protini kiasi gani. Mwaka 1930 alitoa matokeo. Siku za kwanza baada ya kuumia mkojo ulijaa naitrojeni nyingi kuliko ile iliyoweza kutoka kwenye sehemu iliyoumia peke yake. Maana yake ni kwamba mguu umevunjika mmoja, lakini mwili mzima unabomoa misuli yake.

Ndugu mkulima, wewe una ghala la mahindi. Mwili nao una ghala la mafuta. Lakini ghala la protini hauna. Akiba yake ni misuli yenyewe: mapaja, mikono, na ile misuli inayovuta pumzi na kusukuma kikohozi. Homa kali, ajali au upasuaji vikija, mwili hung'oa hapo, kama mtu anayeng'oa boriti za nyumba yake apate kuni. Kijana ana boriti nyingi. Mzee alikuwa nazo chache tangu mwanzo.

Mwaka 1936 huko Cleveland, Marekani, daktari wa upasuaji Hiram Studley alihesabu wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepungua asilimia 20 au zaidi ya uzito kabla ya kupasuliwa, mmoja kati ya watatu alikufa. Kwa waliopungua chini ya hapo, vifo vilikuwa asilimia 3.5. Tofauti ilikuwa kile walichoingia nacho mwilini.

Mtoto alionekana, mzee akasahauliwa

Huku Afrika protini ilijulikana kupitia watoto. Daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi peke yake. Miaka miwili baadaye aliutaja kwa jina la wenyeji, kwashiakoo. Hapa Afrika Mashariki, Hugh Trowell aliufuatilia kwa miaka mingi Kenya na Uganda, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili wa Kampala walitoa kitabu kizima juu yake. Kutoka kazi hiyo ndipo tulipopata mafundisho ya kliniki ambayo kila mama anayajua: mtoto apewe maziwa, yai, karanga, maharage.

Ni kazi njema. Lakini nikikaa kwenye mikutano ya kijiji naona imetuachia pengo. Tunajua mtoto akivimba miguu ni utapiamlo. Mzee akikonda tunasema "ni uzee". Tunamkadiria uji kwa sababu "hana kazi nzito". Kumbe anapougua yeye ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote nyumbani.

Wataalamu walianza kuhesabu wazee hawa baadaye. Mwaka 1990 madaktari wa Geneva, Uswisi, walieleza habari za wagonjwa 59 waliovunjika nyonga, wastani wa umri miaka 82, kama babu yangu. Baadhi waliongezewa kila siku kinywaji chenye protini gramu 20, karibu sawa na mayai matatu. Hao walipona vizuri zaidi, walipata matatizo machache zaidi, na walitoka mapema: nusu yao walikuwa wametoka kufikia siku ya 24, wakati wenzao ilikuwa siku ya 40. Nilisoma taarifa hiyo mara mbili, nikaifunga, nikatoka nje kwanza.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, bila ugonjwa wowote. Mwaka 2013 madaktari wa London walipima misuli ya paja ya wagonjwa mahututi. Kwa siku 10 ilikuwa imepungua karibu asilimia 18. Na mwaka 2019 hospitali za Uswisi zilifuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa hatarini kwa lishe duni, wengi wao wazee. Waliopangiwa chakula kwa mahitaji ya kila mmoja, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 7. Waliokula chakula cha kawaida cha wodi, karibu asilimia 10.

Lakini kuzidisha nako kuna hatari

Mbolea ikizidi inaunguza mche. Mwaka 2023 kulitolewa matokeo ya jaribio kubwa la nchi nyingi, ambako wagonjwa mahututi wanaopumulia mashine walipewa protini nyingi sana, ili ionekane kama watapona haraka. Hawakupona haraka zaidi, na wale ambao figo zao zilikuwa zimeathirika walionekana kudhurika. Siku za mwanzo za ugonjwa mkali mwili haupokei vizuri. Ndiyo maana madaktari huanza kidogo na kuongeza polepole.

Kwa hiyo mgonjwa akiwa bado mahututi, hasa anayelishwa kwa mpira wa puani, usitie chochote bila muuguzi kukuruhusu. Sehemu yako wewe ndugu inaanza pale anapoanza kula kwa mdomo, na inaendelea miezi mingi nyumbani.

Hesabu ya jikoni

Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza kwamba mzee mwenye afya apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mzee mgonjwa gramu 1.2 hadi 1.5. Mzee wa kilo 50 aliye mgonjwa anahitaji gramu 60 hadi 75. Makadirio ya vyakula vyetu ni haya:

- Yai moja: gramu 6.
- Glasi ya maziwa au mtindi: gramu 8.
- Kikombe cha maharage yaliyoiva: gramu 15.
- Dagaa wakavu waliosagwa, vijiko viwili vikubwa vilivyojaa: gramu 12 hivi.
- Karanga, konzi moja ya mkono: gramu 7.

Mayai mawili, glasi moja ya maziwa kwenye uji, glasi moja ya mtindi, kikombe cha maharage, vijiko viwili vya dagaa na konzi ya karanga vinafika gramu 62. Sijachinja mbuzi. Sijaenda bucha. Vyote vinatoka kwenye shamba lako, banda lako na genge la jirani.

Mambo ya kuzingatia:

1. Asiye na meno, saga. Nyama ya supu iitwe nyama ya mgonjwa: itwange kwenye kinu mpaka iwe laini, irudishe kwenye mchuzi. Maharage yaponde na kuyachuja maganda.

2. Gawa mara tano au sita kwa siku. Mzee mgonjwa anashiba haraka. Vikombe vidogo vingi vinashinda sahani moja kubwa.

3. Usimnyime wanga na mafuta. Akikosa vya kutia nguvu, mwili utachoma protini kama kuni.

4. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na mgonjwa ni wa mwisho kuistahimili. Soya lazima iive vizuri kabla ya kuliwa.

5. Msimamishe. Chakula bila mwendo hakirudishi misuli vizuri. Hatua tatu leo, tano kesho, ukimshika mkono.

6. Muulize daktari kwanza kama mzee ana ugonjwa wa figo au ini, kama anapaliwa akimeza, au kama amekaa siku nyingi bila kula. Aliyeshinda na njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla anaweza kupata hatari kubwa. Anza kidogo.

Kwenu wenye maduka karibu na hospitali

Angalia meza zilizopo getini: juisi za boksi, biskuti, glukosi, maji. Watu wanawapelekea wagonjwa sukari kwa sababu ndiyo iliyopangwa mbele. Weka mayai ya kuchemsha ya siku hiyo hiyo, mtindi uliohifadhiwa kwenye ubaridi, dagaa waliosafishwa na kusagwa, karanga zilizochambuliwa, uji wa maziwa kwenye chupa. Liebig aliuza harufu ya nyama akatajirika. Wewe uza chakula chenyewe, faida ipo na dhamiri inalala.

Na yule mama wa genge? Nilipita kwake Jumatano. Mzee alikuwa nje kivulini, bakuli la makande yaliyopondwa mapajani. Bado anashikwa mkono akienda chooni, lakini anakwenda kwa miguu yake. Aliponiona akasema, "Bwana shamba, wewe ndiye uliyewanyang'anya wajukuu nyama?" Nikamwambia wajukuu wana maharage, hawatalala njaa.

Ukienda kumwangalia mgonjwa wiki hii, fungua hotpoti kabla hujaondoka nyumbani. Kama unaona chini ya bakuli kupitia kwenye ile supu, rudi jikoni.

Tukutane wiki ijayo kwa habari ya maharage na wadudu wake.